Makumbusho madogo ya historia na wenyeji wake: tujadili programu zinazowaleta watu, tukianzia Bujora

#1 – MwanaMagu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka nasikia lawama ile ile, kwamba wenyeji hawaendi makumbusho. Wanaoitoa huwa wamehesabu tiketi za siku za kawaida, na siku za kawaida ni kweli wanaoonekana ni wageni wenye kamera na wanafunzi walioletwa kwa basi. Mimi nimekulia jirani na Kisesa, mkoani Mwanza, na tangu utotoni najua kwamba pale Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, iko siku moja katika mwaka ambayo ukichelewa hupati hata pa kusimama. Siku hiyo ni ya Bulabo.

Kwa wasiopafahamu, Bujora ni mwendo mfupi kutoka jijini Mwanza kwa barabara ya Musoma, na si mradi wa serikali. Alianzisha kazi hiyo Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec nchini Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alianza na parokia katika miaka ya 1950, akakusanya wazee na walimu waliojua nyimbo, methali, vifaa na historia za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, na makumbusho yakafunguliwa kwa watu wote mwaka 1968. Liko kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, yako makazi ya Kisukuma yenye kihenge na mawe ya kusagia, iko karakana ya mhunzi na nyumba ya mganga, na liko jengo la vifaa vya kitemi ambalo lenyewe limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi.

Neno bulabo kwa Kisukuma ni maua. Sherehe inakwenda pamoja na Sikukuu ya Ekaristi, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Juni, na maandamano yake yalikuwa ya maua tangu awali. Sasa angalieni ujanja uliomo. Mwezi Juni Usukumani mavuno yamekwisha kuingia au yanamalizikia, watu wana chakula na wana nafasi, na huo ndio msimu ambao Wasukuma walikuwa wakicheza mbina, yaani ngoma zao, kabla hajafika padri wala makumbusho. Padri Clement hakubuni tukio, akaliwekea tarehe ya kwenye kalenda ya ofisini, kisha akaanza kuwaita watu. Alikuta watu wamekwisha kukusanyika, akawafungulia uwanja.

Mashindano yenyewe ni ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyotajwa kuanzia kwa mafundi wawili wa dawa waliokuwa wakishindana, Ngika na Gumha. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wenyewe ndio waamuzi, kwani anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ukisimama katikati unauona umati ukitembea kama maji kwenye sinia. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, wa upande huu akipata neno la kuchoma, watu mia wanahamia kwake wakikimbia. Upande wa pili nao wanatoa nyoka sandukuni, na umati unarudi. Wacheza bugobogobo hurusha jembe hewani, jembe kamili lenye mpini, likazunguka na kudakwa bila mdundo kupotea, na mzee aliyesimama karibu nami mwaka mmoja alilitazama jembe hilo kwa jicho la mkulima akasema mpini wake umekaa vibaya.

Hoja yangu ni hii: makumbusho madogo yanapopanga programu zake kwa kufuata mwaka wa wenyeji, yaani mavuno yao, misiba yao, sikukuu zao na mashindano yao, wenyeji huja bila kubembelezwa; lakini yanapopanga kwa kufuata mwaka wa wafadhili na maadhimisho ya kimataifa, huambulia viti vitupu na picha ya mgeni rasmi. Naomba wenye uzoefu wa sehemu nyingine wachangie.

#2 – MwalimuWaHistoria

Ndugu MwanaMagu, nakubaliana nawe, ila usiwadharau wale wanafunzi wa basi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwaleta.

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na ziara ya makumbusho kama tulivyokuwa tukiifanya ilikuwa ni adhabu yenye jina zuri. Watoto sabini wanaingia kwenye chumba cha watu ishirini, kila mmoja ana daftari, na kazi yao ni kunakili maandishi ya kwenye vibao. Wakirudi darasani wanajua tahajia ya "kigoda" lakini hawajui nani alikikalia.

Mambo yalibadilika siku moja kwa bahati. Mtoto mmoja alikuwa amefuatana na bibi yake, ambaye alikuja tu kwa sababu hakutaka mjukuu asafiri peke yake. Tulipofika kwenye mawe ya kusagia, bibi yule hakusoma kibao. Alipiga magoti, akalisogeza jiwe la juu kidogo, akalipapasa, akasema kwamba aliyeliweka hajawahi kusaga, kwa maana unga ungemwagikia upande wa miguuni. Kisha akaanza kusaga hewa, akiimba wimbo wa kusagia kwa sauti ndogo, na watoto sabini wakanyamaza kimya ambacho mimi kwa fimbo nisingekipata. Aliulizwa maswali mengi kuliko mwongozaji, nami nilijifunza siku ile kwamba mtama wa ugali na mtama wa pombe havisagwi kwa namna moja.

Tangu hapo kila ziara niliyoipanga ilikuwa na sharti moja, kwamba katika kila watoto kumi aje mzee mmoja wa nyumbani kwao, na mzee huyo asilipe kiingilio. Uongozi wa mahali tulipokuwa tukienda ulisita kwa sababu ya hesabu za mapato, lakini baadaye ulikubali. Ninachosema ni kwamba programu nzuri haihitaji jukwaa wala spika. Wakati mwingine ni nauli ya bibi.

#3 – MkaziWaMahenge

Habari kutoka Songea.

Nimeusoma uzi kwa makini na ningependa kuongeza jambo ambalo Bujora halionekani sana. Si kila tukio la makumbusho ni la furaha. Hapa kwetu, Makumbusho ya Majimaji yamejengwa mahali lilipo kaburi la pamoja la mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kila mwaka tarehe 27 Februari inaadhimishwa, na ndiyo maana mtu wa Songea hakuulizi kama utakwenda "kutembelea makumbusho". Anakuuliza kama utakwenda kwenye kumbukumbu.

Tofauti hiyo ya maneno ni kubwa. Mgeni anakuja kuona silaha, ngao na sanamu. Sisi tunakuja kwa sababu jina la babu limo. Wazee wanavaa mavazi ya kivita, ngoma ya ligihu inachezwa, na vijana wanaoishi Dar es Salaam wanaomba ruhusa kazini kama mtu anayeomba ruhusa ya msiba. Februari si mwezi wa mavuno, ni wakati wa mvua na wa palizi, na bado watu huja. Kwa hiyo, Ndugu MwanaMagu, mwaka wa wenyeji hauandikwi na shamba peke yake; wafu nao wana tarehe zao.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, akakaa na kizazi cha Nduna (jemadari wa Wangoni) Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, na akaomba msamaha. Familia inadai kichwa cha Nduna, ambacho kilichukuliwa. Siku ile makumbusho haya madogo yalikuwa mahali ambapo familia na dola kubwa zilikaa kuzungumza ana kwa ana. Sidhani kama ukumbi wa hoteli ungefaa.

Ninachokiona kimepungua ni siku zinazofuata. Tarehe 28 Februari viti vinapakiwa kwenye lori na geti linarudi kuwa kimya. Familia zilizokuja zimekaa na simulizi zao, kila moja na toleo lake la nani alikunywa maji ya dawa, nani alikimbilia msituni na nani alisaliti, na hakuna aliyekaa nazo kuzirekodi.

#4 – MtunzaVifaa

Nimefanya kazi katika ghala la makumbusho kwa muda mrefu, hivyo mtaniwia radhi nikiwa mchungu kidogo.

Mnazungumza juu ya umati kana kwamba umati ni mafanikio. Mimi nimeona tamasha likijaza uwanja mpaka watu wakapanda juu ya miti, huku ndani ya nyumba za maonyesho wameingia watu wachache tu, na baadhi yao walikuwa wakitafuta choo. Ngoma ilichezwa uwanjani, soda zikauzwa, watu wakaenda nyumbani. Makumbusho yalikuwa uzio wa tamasha na si zaidi.

Pili, hili la kugusa. Bibi wa Mwalimu alisogeza jiwe, na jiwe halivunjiki. Je, angekuwa amegusa ngoma ya kitemi? Ngozi ya ngoma ya zamani ikishikwa na mikono mia yenye jasho hukakamaa, hupata ukungu, kisha hupasuka pale ilipofungwa kwenye mti. Katika makumbusho moja ambayo sitaitaja, siku ya tukio kubwa kiongozi alitaka ngoma ya asili "ilie kidogo" ili wageni wafurahi. Ikalia. Mpasuko ule ninauona hadi leo, una urefu wa kiganja changu, na aliyeagiza hakurudi kuutazama.

Kinachonisumbua ni kwamba neno "ushirikishwaji" limekuwa ruhusa ya kufanya lolote. Mimi naona inafaa kila kifaa kiwe na hadhi yake inayojulikana. Vipo vya kuchezewa, na hivyo vitengenezwe vipya na mafundi walio hai, ambao kwa njia hiyo watapata ujira. Vipo vya kutazamwa. Na vipo visivyopaswa kutazamwa na kila mtu, na hapo anayeamua ni ukoo, mimi nafungua na kufunga mlango tu.

#5 – MwanaMagu

Ndugu MtunzaVifaa, umenipiga mahali panapouma, na sitajitetea sana. Ni kweli Bulabo nayo ina watu wanaokuja miaka kumi bila kuingia katika jengo la kitemi.

Lakini nikueleze kwa nini hilo la ngoma ni gumu kwetu kuliko unavyolieleza. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, ngoma, vigoda na mataji ya simba havikuwa tena na ikulu ya kukaa. Vingine vilibaki darini kwa wajukuu, vikiliwa na mchwa, na vingine vikaletwa Bujora kwa sababu Padri Clement alikuwa mtu aliyewauliza. Katika ukoo wetu wa upande wa mama hili lilizungumzwa kwa miaka. Babu yangu hakuwa akisema "ngoma tuliyowapa makumbusho". Alisema "ngoma yetu iliyolala Bujora". Alikwenda kuiona mara moja kila mwaka, hakuigusa, alisimama tu mbele yake amevua kofia, kisha akatoka nje kwenda kunywa soda. Kwake ziara hiyo ndiyo ilikuwa tukio, na hakuna aliyewahi kuiandika kwenye ratiba.

Kwa hiyo nikirekebisha hoja yangu ya mwanzo, kwa kuzingatia pia aliyoyasema ndugu wa Mahenge: umati wa uwanjani ni mlango tu. Kazi ya makumbusho ni kumpa mtu sababu yake mwenyewe ya kuvuka kizingiti, na mara nyingi sababu hiyo ni kitu kimoja chenye jina la watu wake.

#6 – BintiLangoni

Assalaam aleikum. Mimi naandika kutoka Lamu, na kwetu mambo yamekwenda kwa njia nyingine kidogo.

Tunayo makumbusho ya Lamu pale pwani ya mji, iko nyumba ya Waswahili iliyohifadhiwa kama ilivyokuwa, na iko Ngome, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1813 na kumalizika 1821. Ngome hiyo ilikuwa jela hadi mwaka 1984. Fikirini basi, kizazi kizima cha watu wa Lamu kilikuwa kikipita mbele ya jengo lile kikiinamisha macho. Ilipokabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, haikujazwa makabati ya vioo peke yake. Iliwekwa maktaba, na ua wake ukawa wa mikutano ya mji na shughuli za watu. Mtoto anayekwenda kusoma huingia kwa lango lile lile alilopitishwa mfungwa, na haoni ajabu.

Wakati wa Tamasha la Utamaduni la Lamu zipo mbio za punda, mashindano ya mashua na ya kuogelea, hina, mashairi na bao. Wageni hupiga picha punda. Lakini mimi ukiniuliza ni wapi makumbusho hufanya kazi yake vizuri zaidi, nitakuonyesha uwanja ulio mbele ya Ngome siku isiyo na tamasha lolote, ambapo wazee wamekaa chini ya miti jioni, wanabishana. Mwenye akili katika watunzaji huenda kukaa nao. Akiwa na picha ya zamani mfukoni, huitoa kama mtu asiyekusudia, na kabla ya magharibi ameshapata majina ya watu wote waliomo na ugomvi wa nyumba ilikuwa ya nani.

Kuhusu vitu visivyoguswa, Ndugu MtunzaVifaa ana haki. Sisi tuna siwa, baragumu la wakubwa wa miji ya Lamu na Pate, ambalo zamani lilipulizwa katika harusi za watu wa daraja na katika sherehe za enzi, wala halikupulizwa na yeyote aliyetaka. Leo limehifadhiwa, na sijui mwana wa Lamu mwenye heshima zake ambaye angetaka lipigwe ili kumfurahisha mgeni.

#7 – KijanaWaNyegezi

Swali kwa MwanaMagu. Bulabo ni sherehe ya Kanisa, na makumbusho yako chini ya Jimbo Kuu la Mwanza. Je, Msukuma ambaye si Mkatoliki, au mganga mwenye dawa zake za ngoma, anajisikia kwake pale?

#8 – MwanaMagu

Swali la haki. Nimeona waganga, Waislamu na walokole wote uwanjani. Dawa za ngoma zipo, kila mtu anajua zipo, na kila mtu anajifanya hazipo mpaka jioni. Walokole husimama mbali kidogo wakisema wamesindikiza watoto. Asubuhi ni Misa na maandamano ya maua, anayetaka anaingia. Mchana ni mbina, na mbina haimuulizi mtu dini. Sitasema hakuna wanaosusa.

#9 – MjukuuWaKalenga

Kwa ufupi kutoka Iringa. Makumbusho yetu ya Kalenga ni chumba ambacho ukikimbia unakimaliza kwa dakika moja, lakini kina fuvu la Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe, na fuvu hilo lilirudi mwaka 1954 baada ya Gavana Edward Twining kulifuata Ujerumani. Ulitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919 wajibu wa kulirejesha. Chumba kidogo hakizuii kitu. Wahehe wanapokuja huwa wanazungumza kwa sauti ya chini, na watoto huigiza vita vya Lugalo nje kwenye nyasi bila mwalimu kuwaambia. Mtoto anayekubali kuwa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, hukosekana, hivyo huwa wanapokezana.

#10 – MwalimuWaHistoria

Nimecheka, Mjukuu. Huo mchezo wa nyasi ni programu kamili, na ingetosha mtu mmoja wa makumbusho atoke nje awaambie watoto kwamba ilikuwa tarehe 17 Agosti 1891 na kwamba Wahehe walijificha vichakani.

Nikichukua haya ya Dada wa Langoni na yale ya Mahenge, napendekeza kitu kinachowezekana kwa makumbusho yasiyo na fedha. Kila makumbusho ya aina hii yana sanduku la picha ambazo nyuma yake hakuna maandishi. Zitolewe nakala kubwa, zitandazwe mezani siku ambayo watu wapo tayari, iwe siku ya Bulabo au siku inayofuata tarehe 27 Februari, na kila picha iwe na karatasi na penseli pembeni. Vijana waliomaliza kidato cha nne, ambao wako nyumbani, wakae wakiandika na kurekodi kwa simu zao. Mzee asitakiwe kupanda jukwaani wala kujieleza mbele ya kipaza sauti, maana humo ndimo anamogeuka kuwa mhubiri. Akae, apewe chai, aoneshwe picha.

Tahadhari moja: majina yatagongana. Watu wawili watasema yule ni baba yao. Andikeni yote mawili.

#11 – MtunzaVifaa

Hilo naliunga mkono, ila penseli na si kalamu ya wino, na chai iwe meza nyingine.

Naongeza kwamba aliyetoa simulizi aulizwe kama anakubali isikilizwe na wengine, na apelekewe nakala nyumbani. Nimeona kaseti zilizorekodiwa kwa wazee miaka mingi iliyopita, zikiwa zimekaa ofisini kwa usalama mkubwa, na wajukuu wa wale wazee hawajapata kuzisikia. Kijana mmoja alikuja siku moja na kuomba tu asikie sauti ya babu yake. Ilibidi tutafute kwanza redio yenye mlango wa kaseti, na tuliipata kwa fundi sokoni. Alisikiliza dakika tano hivi za babu akieleza jinsi ya kuchagua mti wa kuchongea ngoma, akaomba turudie.

#12 – MkaziWaMahenge

Nimelipeleka pendekezo la picha kwa wazee wawili wa hapa jana jioni. Wa kwanza ameuliza nani atalipa nauli ya kutoka vijijini, kwa sababu tarehe 27 huja kwa lori la pamoja na lori hilo halibaki hadi tarehe 28. Wa pili ameuliza kama ataruhusiwa kuja na picha yake mwenyewe, kwa kuwa anayo moja ya baba yake akiwa kijana, na hataki kuiacha.

#13 – MwanaMagu

Mwambie aje nayo, ipigwe picha mezani mbele ya macho yake na airudishe mfukoni. Kuhusu lori, zungumzeni na mwenye nalo mapema kabla hajaahidi kwingine. Kwetu wakati wa Bulabo malori ya mkaa hurudi mjini tupu jioni ya siku ya pili, na madereva hawakatai kupakia wazee mbele.